Winga wa Mwamba na ngazi isiyofika Rufiji

Jumapili ya Aprili 17, 2016, mjini Singapore, Kenya iliichapa Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya raga ya wachezaji saba kila upande. Tangu Mfululizo wa Dunia wa mchezo huo uanze msimu wa 1999/2000, Kenya ilikuwa imewahi kufika fainali na kurudi nyumbani mikono mitupu. Adelaide mwaka 2009 ilifungwa na Afrika Kusini. Wellington mwaka 2013 ikafungwa na England katika muda wa nyongeza. Safari hii ilikutana na Fiji, taifa ambalo miezi minne baadaye lingetwaa dhahabu ya Olimpiki kule Rio kwa kuilaza Uingereza 43 kwa 7, na Fiji hiyo haikufua dafu.

Aliyefunga trai mbili katika fainali ile na kutangazwa mchezaji wake bora ni winga wa miaka 29, Collins Injera, mzaliwa wa Nairobi. Mwezi mmoja baadaye, London, alimpita Santiago Gómez Cora wa Argentina aliyekuwa na trai 230, akawa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika historia ya Mfululizo huo. Mwaka uliofuata Dan Norton wa England alimpokonya nafasi hiyo, lakini Injera aliendelea kufunga hadi akafikisha trai 279. Mtu wa Afrika Mashariki kuongoza dunia katika mchezo wa timu, kwa hesabu ya kazi yake nzima, ni jambo la nadra mno, nami ninaliona ni mojawapo ya mafanikio makubwa ya michezo ambayo Watanzania hatukuyapa nafasi kwenye mazungumzo yetu.

Sababu yake inaeleweka. Kutoka Kibiti hadi Ikwiriri, hadi Mbwara wilayani Rufiji, ukisema mpira unasema soka, na ukisema soka unasema Simba na Yanga. Mbwana Samatta alipotua Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, hakuna aliyehitaji kuelezwa uzito wa habari ile. Injera hana bahati hiyo huku kwetu. Lakini mzazi wa Mbwara anayemwona mwanawe ana mbio, ana kifua na haogopi kugongana ana haki ya kujua kwamba mwili wa namna hiyo una soko pengine. Ana haki vilevile ya kuuliza swali ambalo wazazi wa Rufiji huuliza kabla ya lolote: kazi hiyo inalipa, na inadumu muda gani? Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba ya mpunga Rufiji na Kibiti, swali hilo halina mzaha hata kidogo.

Nianze na mchezo wenyewe. Raga huchezwa kwa mikono na kwa miguu, kwa mpira wenye umbo la yai. Pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele. Ukitaka kusonga mbele kimbia nao au upige teke. Anayeuvusha mstari wa wapinzani na kuugusisha ardhini amefunga trai, pointi 5, na timu yake hupewa mkwaju wa nyongeza wenye pointi 2. Aina ya asili ina wachezaji 15 kila upande na dakika 80. Ile ya wachezaji saba ilizaliwa Melrose, mji mdogo wa Scotland, mwaka 1883, klabu ya pale ilipokuwa inatafuta fedha na mchinja nyama aitwaye Ned Haig akashauri mashindano mafupi yenye watu wachache. Uwanja ukabaki uleule wa urefu wa mita 100. Watu wakapungua zaidi ya nusu, na mechi ikawa dakika 14, vipindi viwili vya dakika 7.

Hapo ndipo winga anapopata riziki yake. Nafasi ni kubwa, walinzi ni wachache, na mtu mmoja mwenye mbio akipata upenyo pembeni, hakuna wa kumfikia. Lakini zile dakika 14 zisimdanganye msomaji. Shindano moja la Mfululizo ni mechi tano au sita ndani ya siku mbili au tatu, na msimu wa 2015/16 ulikuwa na vituo 10: Dubai, Cape Town, Wellington, Sydney, Las Vegas, Vancouver, Hong Kong, Singapore, Paris na London. Mchezaji anayecheza vyote anakaribia mechi 60, kila moja ikiwa ya kukimbia kwa nguvu zote, kukamatwa kiunoni, kutupwa chini, kuinuka na kukimbia tena. Katikati ya hayo kuna ndege za saa nyingi na usingizi uliovurugwa na majira ya nchi nyingine. Kenya ilishinda Singapore wiki moja tu baada ya kucheza Hong Kong.

Injera alitoka katika nyumba yenye ndugu watatu waliocheza raga: Humphrey Kayange, mkubwa wake; yeye mwenyewe; na Michael Agevi. Alisoma Vihiga, magharibi mwa Kenya, kisha akacheza Mwamba, klabu ya Nairobi. Kila kituo katika safari hiyo kilikuwepo kabla yake, kimewekwa na watu wengine, na ndiyo maana naiita ngazi. Kuhusu kipaji chake hakuna ubishi. Ila Kenya ina vijana wengi wenye mbio ambao hakuna aliyewahi kuwasikia, na kilichomtenga Injera na hao ni kwamba kila alipoinua mguu alikuta pa kukanyaga.

Ngazi hiyo ilijengwa kwanza na wageni, kwa ajili ya wageni. Walowezi na maofisa wa Kiingereza walileta raga katika shule zao: Duke of York, ambayo leo ni Lenana, na Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Uhuru ulipokuja milango ya shule hizo ikafunguka kwa watoto wa Kiafrika, na mchezo ukabaki mlemle darasani na uwanjani ukiwasubiri. Kutoka shule hizo ukasambaa hadi shule za bara, kisha vyuo vikuu, kisha klabu. Mwaka 1977 wachezaji wa Kiafrika wakaanzisha Mwamba, klabu yao wenyewe katika mji ambao klabu nyingi zilikuwa bado na harufu ya ukoloni. Mashindano ya Safari Sevens yakaanza Nairobi mwaka 1996, na vijana wa Kenya wakaanza kukutana na timu za dunia wakiwa nyumbani kwao, mbele ya mashabiki wao.

Tanganyika nayo iliwahi kuwa na mchezo huu. Chama cha raga cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1953, na Septemba 1955 kikosi cha British Lions, kilichokuwa kikitoka kucheza Afrika Kusini, kilisimama Nairobi kucheza na timu ya Afrika Mashariki na kushinda 39 kwa 12. Lakini upande wetu raga ilikaa mikononi mwa wenye mashamba na maofisa, haikuota mizizi shuleni, na wenyewe walipoondoka ikabaki na watu wachache. Hadi leo anayetaka kuona raga ya ushindani nchini huelekea Dar es Salaam au Arusha. UMISSETA, mashindano yanayowafikia vijana wa sekondari hadi vijijini, yanajulikana kwa soka, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono na riadha. Mtoto wa Rufiji anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuushika mpira wa raga hata mara moja. Sioni cha kumlaumu mtoto huyo.

Nirudi kwenye swali la mzazi kuhusu malipo, maana historia ya raga kwa sehemu kubwa ni historia ya ugomvi juu ya mshahara. Agosti 29, 1895, katika hoteli moja mjini Huddersfield, klabu za kaskazini mwa England zilijitenga kwa sababu zilitaka kuwafidia wachezaji wao, vibarua wa viwandani na migodini, siku za kazi walizopoteza wakicheza. Waliobaki, wengi wao watu wenye nafasi, walishikilia kwamba mchezo uchezwe bure. Kutoka hapo zikazaliwa raga mbili: ya ligi, yenye wachezaji 13 na malipo, na ya muungano, yenye wachezaji 15 na marufuku ya malipo. Marufuku hiyo ilidumu miaka 100. Ilifutwa Agosti 1995, mjini Paris, bodi ya kimataifa ilipotangaza kwamba kuanzia sasa mchezaji anaweza kulipwa.

Ndiyo maana Mkenya wa kwanza kujipatia jina kubwa kwa raga ya kulipwa, Edward Rombo, ilimbidi kuvuka upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikwenda kuchezea Leeds, timu ya raga ya ligi kaskazini mwa England, kwa kuwa ile raga aliyoikulia Nairobi haikuruhusiwa kumlipa hata senti. Lucas Onyango, winga mwingine wa Kenya, alifuata njia hiyohiyo miaka ya baadaye na kuzichezea Widnes na Oldham.

Kizazi cha Injera kilikuta sheria imebadilika, na kilichokosekana sasa ni fedha. Chama cha raga cha Kenya kilianza kuwapa mikataba wachezaji wa timu ya saba, wale ambao Wakenya huwaita Shujaa. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Mtu aliweza kuamka asubuhi, akaenda mazoezini na kuiita hiyo ajira yake, ilhali wachezaji wengi wa klabu za nyumbani wana kazi nyingine ya kuwalisha na hufanya mazoezi jioni. Uwanjani nako Kenya ilifanya makubwa. Machi 2009, katika Kombe la Dunia la raga ya saba huko Dubai, Kenya iliitoa Fiji katika robo fainali na kufika nusu fainali. Nahodha alikuwa Humphrey Kayange, mdogo wake akiwa winga, na kocha alikuwa Benjamin Ayimba. Msimu huo Injera alifunga trai 42 na kuwa mfungaji bora wa dunia. Mwaka 2013, Moscow, Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia tena.

Lakini mkataba unategemea mdhamini, na mdhamini akiondoka mchezaji hana pa kwenda kudai. Juni 2018, katika mashindano ya Paris, wachezaji wa Kenya waliingia uwanjani wakiwa wameifunika nembo ya mdhamini kifuani, wakisema hawajalipwa walichoahidiwa. Dunia nzima iliona. Msimu uliofuata wakongwe wengi walikataa mishahara iliyokatwa, na kocha mpya akalazimika kuanza na vijana wasio na uzoefu. Timu iliyotwaa kombe Singapore ilivunjika ndani ya miaka mitatu, na wala si kwa uzee. Mei 2023 Kenya ilishushwa daraja katika Mfululizo kwa kufungwa na Canada katika mechi ya mwisho kule London. Ilirudi mwaka mmoja baadaye kupitia mashindano ya Madrid.

Nayasema haya bila kuwaonea haya waliokuwa na dhamana. Mtu anapochezea taifa mechi 60 kwa mwaka, akavunjika, akashonwa, akarudi uwanjani, posho yake haipaswi kuwa jambo la kuombwa. Mzazi wa Mbwara asiambiwe kwamba raga ni njia ya utajiri. Fedha nyingi za raga duniani ziko Ufaransa, England na Japani, na Mwafrika Mashariki anayefika huko bado ni wa kuhesabu. Philip Wokorach wa Uganda alifika Ufaransa, akachezea Bourges. Daniel Adongo wa Kenya alizunguka klabu za Afrika Kusini na New Zealand, kisha mwaka 2013 akasajiliwa na Indianapolis Colts kucheza futiboli ya Marekani, mchezo ambao hakuwahi kuucheza maishani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa uwanjani kwenye ligi yao kuu. Safari ya namna hiyo inashangaza, lakini hakuna shule inayoweza kuipanga.

Kuna pia suala la mwili. Winga wa raga ya saba akifika miaka 30 watu huanza kumwita mkongwe. Injera alicheza Olimpiki mbili: Rio mwaka 2016, raga iliporudi kwenye michezo hiyo baada ya miaka 92, na Tokyo, iliyosogezwa hadi Julai 2021 kwa sababu ya korona. Tokyo alikuwa na miaka 34, na Kenya ilimaliza ya tisa. Kucheza kiwango hicho katika umri huo kunahitaji nidhamu ya chakula, usingizi na mazoezi ambayo watu hawaioni kwenye televisheni. Wengi hawafiki huko. Magoti huisha, mabega hutoka, vifundo vya miguu hukataa.

Na kichwa. Steve Thompson, aliyekuwa katika kikosi cha England kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003, alieleza mwishoni mwa mwaka 2020 kwamba ana dalili za mapema za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki hata kushinda kombe lile. Yeye na wachezaji wenzake wa zamani waliwafungulia kesi wasimamizi wa mchezo. Siku hizi mchezaji anayeshukiwa kugongwa kichwa katika mechi kubwa hutolewa akapimwe na daktari kabla ya kuruhusiwa kurudi, na kumkaba mtu shingoni au kichwani kunaweza kukuletea kadi nyekundu. Mwalimu yeyote atakayewafundisha watoto wetu raga lazima aanzie hapo: jinsi ya kuangusha bila kuumiza, na jinsi ya kuanguka. Bila hilo, bora wasianze.

Maisha baada ya mchezo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika hadithi ya kizazi kile, kwa kuwa wengine wao hawakusubiri mwili uwakatae ndipo wafikirie. Kayange alisoma kemia huku akicheza. Leo jina lake linatajwa kwenye vikao vikubwa zaidi kuliko uwanja wowote aliowahi kucheza, maana mwaka 2021 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Dennis Ombachi, aliyevunjika mguu akiichezea Kenya kisha akarudi na kwenda Rio, aliacha mpira akashika mwiko. Video zake za mapishi hutazamwa na watu wengi sana ndani na nje ya Afrika Mashariki, na amezungumza waziwazi kuhusu kuishi na maradhi ya akili, jambo ambalo wanamichezo wa kiume wa kwetu hulificha hadi liwamalize.

Ayimba hakupata muda huo. Nahodha wa zamani wa Kenya, kocha wa 2009 na kocha wa Singapore, alifariki dunia Mei 2021 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kutokana na malaria iliyopanda kichwani. Watu wa bonde la Rufiji wanaoujua ugonjwa huo tangu utotoni hawahitaji kuelezwa ulivyo mwepesi wa kuchukua mtu mwenye nguvu zake. Kocha aliyewapa Wakenya kombe lao la kwanza aliuawa na mbu, na mimi bado naona uchungu kuliandika.

Wasichana nao wamo. Timu ya wanawake ya Kenya, Lionesses, ilicheza Olimpiki ya Rio mwaka 2016 baada ya Afrika Kusini, iliyokuwa imefuzu, kukataa kupeleka timu ya wanawake. Walikwenda wakiwa wachanga, wakafungwa sana, na Tokyo wakarudi tena. Wanaosema raga ni ya wanaume hawajaona binti wa Nairobi akimwangusha Mfaransa aliyemzidi kilo kumi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifikirie Mbwara kila niliposoma habari za Kenya. Watu hudhani raga ni mchezo wa Nairobi, wa watoto wa shule za gharama. Mwaka 2016, mwaka uleule wa Singapore, ubingwa wa ligi ya Kenya uliondoka mjini na kwenda Kabras, kwenye mashamba ya miwa ya Kakamega. Timu hiyo inalelewa na kiwanda cha sukari cha West Kenya. Wokorach wa Uganda alicheza hapo kabla ya Ufaransa. Vijana waliokuwa wakiona miwa tu upeo wa macho wakaanza kuona wachezaji wa timu ya taifa wakifanya mazoezi kando ya barabara yao, na klabu za Nairobi zilizozoea kugawana vikombe zikalazimika kupanda basi kwenda bara kutafuta pointi.

Sisi tunalijua jambo hilo kwa upande wa soka. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, Morogoro, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, mbele ya Simba na Yanga. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, wilaya ya korosho na ufuta isiyotofautiana sana na Rufiji, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na muda mfupi baadaye ilikuwa kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hakuna aliyewaambia watu wa Ruangwa kwamba soka ya Afrika si yao. Palikuwa na uwanja, palikuwa na watu wenye nia na wenye uwezo wa kuisukuma, na vijana wakapata pa kukanyaga.

Wapo watakaosema tuache raga, soka yenyewe hatujaimaliza. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Soka ina nafasi chache na msongamano mkubwa. Kijana mnene wa kifua, mzito wa miguu lakini mwenye nguvu za ajabu, hana mahali pake kwenye soka. Raga inamhitaji. Inamhitaji mfupi mwenye mbio, mrefu wa kurukia mpira, mpana wa kusukuma kwenye skramu, ule msukumano wa wachezaji wa pande mbili. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet hakuwa amegusa mpira wa kikapu hadi alipokuwa kijana wa miaka 15 hivi. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Urefu aliuzaliwa nao, ila kikapu alikikuta shuleni, Dar es Salaam. Angezaliwa Mbwara na kubaki Mbwara, leo angejulikana kama kaka mrefu wa pale kijijini.

Fiji yenyewe ina watu wasiofika milioni moja, wakiwemo wengi wa vijiji vya wakulima na wavuvi visiwani. Jerry Tuwai, aliyebeba medali ya dhahabu Rio na nyingine Tokyo akiwa nahodha, alikulia katika chumba kimoja kwenye makazi duni nje ya Suva, akicheza barabarani na watoto wenzake. Fiji ina watu wachache kuliko Tanzania. Ilichotuzidi ni kwamba karibu kila kijiji kina uwanja wa raga, na mashindano ya vijiji yanaangaliwa na watu wanaotafuta wachezaji wa timu ya taifa.

Uwanja wa kuanzia Rufiji tunao tayari. Uwanja wa soka wa shule ya sekondari unatosha raga ya saba: mistari ya chokaa inaongezwa, na milingoti ya mianzi inasimikwa pale penye goli. Watoto huanza na raga ya kugusana, bila kuangushana, wasichana na wavulana pamoja. Shirikisho la raga la dunia linatoa mafunzo ya makocha kupitia intaneti bila malipo, pamoja na somo la usalama wa kichwa ambalo mwalimu anaweza kulimaliza kwenye simu yake. Gharama halisi ya mwaka wa kwanza ni mipira michache na nauli ya mwalimu kwenda kukutana na klabu za Dar es Salaam. Maombi yangu kwa maofisa michezo wa Rufiji na Kibiti ni hayo tu kwa sasa, na kwa mkoa wa Pwani ni kuisemea raga pale michezo ya UMISSETA inapopangwa.

Mwaka 2026 Olimpiki ya Vijana inafanyika Dakar, mara ya kwanza Afrika kuandaa michezo ya Olimpiki ya aina yoyote, na raga ya saba imo. Olimpiki ya Los Angeles ni 2028. Hatutakuwepo kote huko, na si lazima tuwepo. Mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki yana raga, na Kenya na Uganda hupeleka timu. Shule moja ya Pwani ikiingia hapo, ikafungwa na Wakenya pointi hamsini kwa bila, ikarudi mwaka unaofuata na kufungwa thelathini, tutakuwa tumeanza.